Kiuno cha Kwenye Kideo Kilichovunja Posa Yangu

Mate yalinipata shavu la kushoto.

Siyo mate ya mfano, jamani. Mate yenyewe. Mekundu, mazito, yana vipande vya tambuu, ya moto kutoka kinywani mwa Bi Hija, mama wa mwanaume aliyekuwa ameniposa.

Nilikuwa nimeshika ndoo mbili za maji. Sikuweza hata kujifuta.

"Mwanangu haoi makalio ya kideoni," akasema. "Umesikia, we Zuena? Suhaib haoi takataka."

Jumamosi asubuhi, bombani, Tandika, mwaka tisini na sita. Wanawake kama ishirini wamepanga ndoo. Mmoja akasogeza ndoo yake mbali na yangu, kama vile mie nina upele.

Mate yakashuka taratibu. Yakafika pembeni ya mdomo...

Mpaka leo nikiona mtu anatafuna tambuu navuka barabara.

Nikageuza macho kwenye duka la kaseti. Suhaib alikuwa anafanya kazi pale, hatua kumi na tano tu toka bombani. Mlango ulikuwa nusu wazi. Nikaona kivuli cha mtu nyuma yake.

Halafu mlango ukafungwa polepole.

Nimekaa na hii stori miaka mingi. Niliahidi kutoisema na sikuisema. Ila wiki iliyopita kuna mtu kaniondolea ile ahadi mwenyewe, kwa vidole vyake, humu humu mtandaoni. Mkifika mwisho mtaona. Kaeni vizuri.

Nyie mliozaliwa na simu mkononi itabidi niwarudishe nyuma kidogo.

Miaka ile tivii ndo zilikuwa zinaingia. Mtaa wetu mzima ilikuwa moja, ya Mzee Albano, karani wa bandarini, mtu wa Songea, mpole. Sebule yake ilikuwa inajaa watu mpaka yeye mwenyewe anasimama dirishani kwa nje, anatazama tivii yake kama mpita njia.

Sasa kulikuwa na kijana anaitwa Gozbert, katoka Bukoba na kinanda chake, akajiita Gozi Bii. Akatoa wimbo, Tui la Kwanza. Wimbo wenyewe maneno hayafiki kumi na tano. Na akautengenezea video, kwa kamera ya kukodi ya kurekodia harusi.

Video nawaelezea yote, haina siri.

Mwanamke kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Mbuzi ile ya kibao chenye chuma. Uso haonyeshwi. Kichwani kilemba. Blauzi ya mikono mirefu. Kanga toka kiunoni mpaka visiginoni. Anakuna nazi... anainuka... anaipa kamera mgongo... anazungusha kiuno kama dakika moja na nusu.

Basi. Imeisha.

Binti yangu Naima nilimwonyesha kwenye simu. Akatazama mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, hayo matusi yanaanza saa ngapi?"

Lakini mwaka ule? Ilikuwa kama mtu kamwaga ndoo ya choo katikati ya soko. Watu waliandika barua magazetini. Walimu waliwauliza wanafunzi paredi, nani kaiona, anyooshe mkono. Kwenye tivii ikatolewa baada ya wiki tatu, na ilipotolewa ndo ikaingia kwenye mabanda ya video, ikajaza watu kuliko picha za ngumi.

Kwetu aliyeongoza vita ni Mzee Mudathir, baba mdogo wake Suhaib. Ndiye aliyekuwa mshenga wetu pia, yeye ndo alileta posa. Mtu wa baraza, kofia nyeupe, akikohoa watu wanatengeneza vitenge vyao. Aliandika barua ya kuipeleka kata, akapita nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi.

"Uchafu huu," alikuwa anasema, "unaingia machoni hautoki."

Na mie niliweka sahihi. Darasa la saba langu hilo, lakini sahihi nilikuwaga nayo nzuri, ina mkia.

Wiki moja baadaye, mtu akaiona kanga.

Nilikuwa na doti moja ya kanga, njano na nyeusi, imeandikwa SITIRI NAMI NIKUSITIRI. Kanga moja katika ile doti niliiunguza kwa pasi ya mkaa siku ya kuamkia Idi. Ikabaki alama ya hudhurungi kama kwato la ng'ombe. Sikuitupa, nilikuwa na kanga ngapi hata nitupe? Nikaenda nayo bombani hivyo hivyo, wakanicheka mwezi mzima. Mtaa wote walikuwa wanaijua.

Sasa lile kwato lilikuwa kwenye tivii, katikati ya kalio, linazunguka.

"Zuena huyo," wakasema. "Kanga yake ile."

"Na kiuno kile ni cha kufundishwa."

Hapo ndo palipouma. Mie nimelelewa na bibi yangu, Bibi Somoe, na Bibi alikuwa kungwi. Wasichana wakivunja ungo wanaletwa kwake, anawaweka ndani, anawafunda. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na heshima yake, na ndiyo iliyonilisha. Watu wakasema mjukuu wa kungwi kauza unyago kwenye tivii. Ndani ya siku kumi mwali mmoja aliyekuwa aletwe kwetu akapelekwa Mbagala. Wa pili, mama yake akaja kumchukua katikati ya mafundisho, hata salamu hakutoa.

Bibi aliniita chumbani.

"Ni wewe?"

"Siyo mie, Bibi."

"Kanga ni yako?"

"Ni yangu."

"Ilifikaje huko?"

Nikanyamaza.

Akanitazama muda mrefu, anachezea ushungi wake. "Haya. Nimekufunda kunyamaza, naona umefundika vizuri. Ndo hasara yake hii."

Nilinyamaza kwa sababu kanga ile nilimpa Suhaib.

Alikuwa anasafiri kwenda Tanga wiki mbili, akaniomba. "Nipe kanga yako uliyoifukiza udi, niilalie nisikukumbuke sana." Mie na ujinga wangu wa miaka kumi na tisa, nikaona hayo ndo mapenzi. Nikampa hiyo hiyo ya kwato, kwa sababu alisema ndo ananikumbukia nayo.

Sasa nyie fikirieni. Msichana kaposwa, hajaolewa, halafu kanga aliyojifunga mwilini iko chumbani kwa mwanaume. Nikisema hivyo najiokoa na kesi ya video naingia kesi ya zinaa. Na Suhaib alilijua hilo vizuri kuliko mie.

Siku ile ile ya mate, alasiri, akaja nyuma ya uwa wetu. Nilikuwa naandaa unga wa vitumbua, maana nilikuwa nauza.

"Kanga yangu umempa nani?" nikamuuliza.

"Iliibwa kwenye kamba."

"Basi kawaambie kwenu ilikuwa kwako, ikaibwa."

"Zuena, nikisema hivyo si ndo nakuharibia wewe? Watauliza ilifikaje kwangu."

"Kwa hiyo unanisitiri."

"Ndiyo maana yake. We vumilia, yataisha."

Na huku anasema hayo, akachukua kitumbua kwenye sinia, kimoja cha asubuhi kilichobaki, akala. Akalamba mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

Nilimwangalia akilamba vile... jamani. Kuna kitu kilikatika ndani yangu. Hakijaunganika tena.

Nikajua kuna mwanamke mwingine. Kampa kanga yangu mwanamke mwingine, kachezea video. Nikasema, lazima nimjue.

Mie siyo mtu wa kelele. Shuleni mwalimu aliandika kwenye ripoti yangu, "Hasemi lakini anaona." Nikaamua niende nikaone.

Banda la video lilikuwa la Anselmo, kijana wa Masasi, mteja wangu wa vitumbua. Kila asubuhi nampelekea vitano. Msichana mwenye adabu alikuwa haingii mle. Jumatatu nikaingia.

Harufu ya mle ndani sitaisahau. Jasho la jana, maganda ya karanga, na kona moja yenye mkojo, maana kuna wateja walikuwa hawataki kupitwa hata na dakika moja. Benchi zina utelezi. Nikakaa ukingoni, sinia mapajani.

"Anselmo, niwekee ile."

Akacheka. "Sasa dada, si wewe mwenyewe? Unataka kujiona ulivyotoka?"

"Niwekee."

Akaweka. Nikatazama mara ya kwanza nikitafuta sura. Hakuna sura.

Mara ya pili nikatazama nazi.

Aliyekuna nazi ile hajawahi kukuna nazi maishani mwake. Anachimba katikati, anasugua sehemu moja hiyo hiyo mpaka chuma kinagonga kifuu, vipande vyeusi vinarukia kwenye sahani. Mtoto wa kike wa uswahilini, hata mvivu namna gani, hakuni hivyo. Atapigwa. Tui la nazi ile ukilinywa unatema vifuu.

Nikasema huyu mwanamke katoka wapi?

"Irudishe tena, Anselmo."

Kabla hajabonyeza, mlango wa nyuma ukagongwa. Mara tatu, taratibu. Anselmo akanionyesha pazia la magunia. Nikajificha na sinia langu.

Akaingia mtu, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Akakaa benchi ya mbele kabisa.

"Niwekee ile," akasema.

Nilitambua sauti kabla hajakohoa. Halafu akakohoa.

Mzee Mudathir.

Mzee wetu wa sahihi. Mshenga wangu mwenyewe, mkono kidevuni, kaegemea mbele karibu aguse kioo.

"Hapo... simamisha hapo. Rudisha kidogo. Hapo hapo. Subhanallah. Kiuno kama hiki hakijatokea Temeke hii."

Nilishika mdomo nisitapike kwenye vitumbua vya watu. Kwake yeye kiuno kile kilikuwa changu, mnaelewa? Alikuwa anaamini anamtazama mchumba wa mtoto wa kaka yake. Jumamosi kaenda nyumba kwa nyumba kunitangaza mchafu, Jumatatu asubuhi yuko hapa anasema rudisha kidogo.

Alipoondoka Anselmo akavuta pazia. "Kila siku huyo," akasema. "Juzi kaniomba nimtolee kopi. Anasema ya ushahidi."

"Kopi anayo?"

"Anayo. Na nimesikia shemeji yake wa Buguruni ana deki ya video, anaitazamia huko pia."

Nikatoka pale nyuma ya pazia. Na ni hapo, picha bado imesimama pale pale alipoomba Mzee isimamishwe, ndo nikaona kilichokuwa mbele ya macho ya watu wote.

Mwanamke akijifunga kanga kiunoni, anavuta ncha mbili, anazungusha, anachomeka pembeni. Kanga inakaa bapa. Hata ukicheza unachomeka tena, inakaa bapa.

Kiuno kile hakikuwa bapa. Kulikuwa na mkunjo mnene kama kamba umezunguka kiuno kizima. Ukingo wa kanga umeviringishwa kwa nje mara tatu, nne. Hivyo anajifunga mwanaume. Ule ni mkunjo wa msuli.

Na upande wa kushoto, kwenye ule mkunjo, pembe moja ya kanga imebaki nje, imesimama kama sikio.

Nililijua lile sikio.

Suhaib anatumia mkono wa kushoto. Akiviringisha msuli, pembe lazima imtoroke. Kila Ijumaa akipita kutoka msikitini nilikuwa nalitazama lile sikio, nasema kimoyomoyo, nikiolewa nitamfunga mie mwenyewe, lisitoke.

Nilikaa kwenye ile benchi yenye utelezi sikujali tena.

"Dada, vipi?" Anselmo akauliza.

"Hakuna kitu. Nimemjua."

Nilienda moja kwa moja kwa Bibi. Nikamwambia yote, na habari ya kanga niliyoitoa. Nilitegemea anipige. Alimaliza kusuka ukili wa mkeka mpaka mwisho wa mstari, ndo akasema:

"Kumpa kanga ulikosea. Tutalisema hilo na sie tuwe tumelisema wenyewe. La kwao waache waje walilete na miguu yao."

Mzee Mudathir alipokuja kuvunja posa, Bibi akampokea vizuri sana.

"Mshenga wetu, posa uliileta kwa maneno matamu. Kuivunja, ivunje kwa ushahidi. Njooni Ijumaa baada ya swala, kwa Mzee Albano kuna deki. Na kijana awepo."

"Ushahidi upo," akasema Mzee, na nilimwona anavyoharakisha. "Kaseti ninayo mie mwenyewe."

Ijumaa ikafika.

Sebuleni kwa Mzee Albano tulikuwa watu sita. Bibi Somoe na mie kwenye mkeka. Bi Hija kwenye kochi na tambuu lake. Mzee Mudathir kasimama na kaseti kwenye mfuko wa plastiki. Suhaib katoka msikitini, kanzu fupi ya kiunoni, msuli wa bluu. Kakaa kwenye kiti cha mlangoni, hanitazami. Mwenye nyumba yuko kwenye deki, anahangaika na waya.

"Shikamoo, Bi Hija," nikasema.

Hakuitikia. Akahamisha tambuu shavu la pili.

Kaseti ikaingia. Wimbo ukaanza. Picha safi, rangi nzuri, nazi inakunwa. Lakini kiuno kilipoinuka tu, picha ikajaa mistari. Mistari, chenga, sauti inavuta kama mtu anazama. Kilipopita kile kipande, picha ikawa safi tena.

Mzee Albano akainama, akarudisha, ikawa vile vile.

"Ajabu," akasema, kwa ule upole wake. "Kaseti imechakaa hapa tu. Huwa inachakaa hivi mtu akirudisha sana sehemu moja."

Mzee Mudathir akakohoa.

"Kaseti za siku hizi hazina ubora," akasema.

"Kweli," akasema Bibi Somoe. "Zinachakaa kiunoni."

Bi Hija akamgeukia shemeji yake, akamtazama, akaamua aibu ya mzee ikae kwanza. "Hayo siyo yaliyotuleta. Kanga ile pale ni ya Zuena au siyo ya Zuena?"

"Ni yangu," nikasema.

"Mmemsikia?"

"Ni yangu, na nilimpa mwanao Suhaib alipoenda Tanga. Nilimpa kwa mkono wangu. Hilo ni kosa langu, mnilaumu nalo, na ndo hilo peke yake."

Suhaib akainua kichwa kama kachomwa.

"Muongo," akasema Bi Hija, lakini kwa sauti ya chini. "Na kiuno je? Nacho ulimpa?"

Nikamgeukia mwenye nyumba. "Mzee Albano, naomba usimamishe picha hapo, kabla mistari haijazidi."

Akabonyeza. Picha ikasimama, inatetemeka kidogo, kiuno kimejaa kioo kizima. Kwato langu pale. Ule mkunjo mnene pale. Na upande wa kushoto, lile sikio.

"Bi Hija," nikasema. "Tazama alivyojifunga. Tazama vizuri, usitazame kingine. Halafu geuka umtazame mwanao alivyojifunga."

Bi Hija alitazama tivii. Taya lake likaendelea kutafuna mara mbili, tatu... likasimama.

Akageuka.

Wote tukageuka.

Suhaib kakaa pale mlangoni, msuli wa bluu, mkunjo mnene, na pembe imesimama upande wa kushoto kama sikio la mbuzi aliyesikia jina lake. Akaushika haraka kwa kiganja kuuficha. Ndo akamaliza kabisa, maana aliushika kwa mkono wa kushoto.



Mzee Albano akaangalia tivii, akamwangalia Suhaib, akasema taratibu, "Basi... nizime?"

"Usizime," akasema Bibi Somoe. "Mzee Mudathir hajashiba."

Mzee Mudathir alikuwa anatazama kile kiuno, halafu anamtazama mtoto wa kaka yake, halafu kile kiuno. Uso ukawa wa kijivu. Naamini alikuwa anahesabu asubuhi zake zote. Akatoka nje bila viatu. Tulimsikia uwani anatapika, na nawaambia ukweli, hiyo ndiyo sauti pekee ya siku ile niliyoifurahia.

"Mama," Suhaib akaanza, "yule dada wa Kinondoni aliyeahidi kucheza hakuja. Kaka yake alimkataza. Na kamera ilikuwa mwisho saa tisa. Gozbert ni rafiki yangu, analia kabisa. Nikasema basi, uso si hauonekani..."

"Na kanga ya watu?"

"Ndo niliyokuwa nayo begini."

Bibi Somoe akaingilia, na hapo sauti yake ilikuwa ya kazini. "Mauno yale ulifundishwa na nani?"

Akaanza kukunja ncha ya kanzu yake.

"Nimekuuliza kwa heshima."

"Dada Munira alipokuwa mwali kwako, Bibi... kulikuwa na tundu kwenye makuti ya uwa. Nilikuwa nachungulia."

Bibi akafumba macho. "Kumbe walisema kweli. Ni mwanafunzi wangu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kuna picha ilikuwa imenikaa kichwani, mtu kwenye tundu la makuti, jicho moja, anatazama siri za wanawake wakati dada yake mwenyewe yuko ndani. Kinyaa kikanipanda mpaka kwenye meno.

Bi Hija alitema tambuu kwenye kitambaa. Alipoongea tena, sauti ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mkwe.

"Zuena, mwanangu. Yametokea. Vijana ni vijana. Hili liishie humu humu ndani, na ndoa tuifanye mwezi huu huu. Watu wakiona nimekuchukua, maneno yote yatakufa."

Na hapo, wasomaji wangu, msifikiri ilikuwa rahisi. Ningesema ndiyo, nilikuwa nimepona. Jina langu, kazi ya Bibi, kila kitu. Msichana wa darasa la saba, vitumbua, nyumba ya kupanga. Na Suhaib nilikuwa nimempenda.

Nikamuuliza yeye kitu kimoja.

"Jumamosi ile mama yako aliponitemea mate, ulikuwa wapi?"

"Dukani."

"Nyuma ya mlango?"

"...Nyuma ya mlango."

"Uliona?"

"Niliona."

"Na ukaufunga."

Nikavua pete ya posa, nikaiweka juu ya deki ya Mzee Albano, pale penye joto.

"Bi Hija, kucheza video ningemsamehe. Ningecheka mpaka uzee wangu. Huo mlango siwezi."

Bibi hakunishika mkono, hakunishawishi. Aliweka masharti yake tu, kama kungwi. Siri ya kijana tutaificha, hata mtu mmoja hatamjua. Ila Bi Hija arudi bombani Jumamosi, saa ile ile, pale pale.

Na alirudi. Alisimama mbele ya ndoo zote akasema, "Nilimtemea mate mtoto wa watu kwa uongo. Siyo yeye. Tumethibitisha siyo yeye." Walipomuuliza ni nani basi, akasema hamjui. Wasichana wote wakarudi kwa Bibi, na wa Mbagala pia. Mzee Mudathir aliacha kukusanya sahihi, na kwenye baraza akawa anakaa mwisho.

Bibi Somoe alifariki na siri ile. Mie niliolewa na fundi cherehani, Mungu amrehemu, mtu asiyejua hata kupiga mluzi. Suhaib alihamia Chamazi, akapata biashara, akaoa, akafuga ndevu, akawa mtu wa kutoa nasaha. Nikawa nazisoma nyingine humu, napita kimya. Niliahidi.

Mpaka wiki iliyopita.

Naima kanijia na simu. "Mama, si ndo ile video yako ya nazi? Imesambaa."

Nikatazama. Ile ile. Kilemba, blauzi, kwato langu linazunguka. Na juu yake mtu kaandika hivi, nanukuu:

"Enzi zetu, hata wasanii walikuwa na haya. Mtazameni dada huyu alivyojisitiri, toka kichwani mpaka kisiginoni. Wanawake wa leo mko uchi, mnatutia kinyaa. Tumepoteza dada zetu."

Kaandika Suhaib.

Watu elfu moja na mia mbili wamependa. Wazee wanalia kwenye komenti, wanaomba Mungu amweke mahali pema dada yule popote alipo. Mmoja kauliza, "Huyu dada yupo wapi jamani, tumtafute tumpe maua?" Na Suhaib kamjibu, kwa mkono wake, "Hata sijui, ndugu yangu. Wanawake wa aina hiyo waliisha."

Niliweka simu mezani. Nikaenda kunawa uso, shavu la kushoto, kama vile mate bado yapo.

Dada yule yupo, wasomaji wangu. Yupo Chamazi, ana ndevu. Mpelekeeni maua.

Kanga ile nilirudishiwa, imekunjwa, inanuka nazi. Sikuivaa tena. Nilidekia sakafu mpaka ikaisha, na maandishi yake yalikuwa ya mwisho kufutika.

Nilichojifunza ni kimoja, na sikukipata darasani. Mtu akisimama mbele za watu akakuita mchafu, usikimbilie kujitetea. Nyamaza kwanza, mtazame vizuri, taratibu.

Tazama amejifungaje.